Amplifaya inazima besi ikikita, nimebadili betri na bado tu. Wakuu msaada

IST_Nyeusi

Wakuu habari za jumapili. Naombeni msaada maana nimezunguka mpaka nimechoka na hela inaisha. Nina kigari changu IST, nimefunga wufa (spika za besi) mbili za inchi 12 kwenye buti na amplifaya ya chaneli moja imeandikwa wati 3000, niliinunua Kariakoo mpya ikiwa kwenye boksi. Sasa tatizo liko hivi, ukiwasha mziki kwa sauti ya chini unapiga vizuri tu hakuna shida, ukipandisha kidogo ikaja ngoma yenye besi nzito taa za dashibodi zinaanza kufifia zinafuata besi, ukiongeza tena amplifaya inazima kabisa sekunde mbili tatu afu inajiwasha afu inazima, yaani kama mtu ana kwikwi. Kuna wakati taa ya kijani inageuka nyekundu pale pameandikwa PROTECT.

Nikampelekea fundi alienifungia akasema betri imechoka, nikanunua mpya. Siku mbili za mwanzo kama imepona hivi, ya tatu yale yale. Nimerudi kwake sasa anasema ninunue kapasita, ile kama kopo la soda yenye vinamba vinawaka juu, anataka laki na nusu na ufundi pembeni. Kabla sijaitoa hiyo hela nikasema ngoja niulize humu. Kapasita ndo dawa au napigwa? Au amplifaya yenyewe kimeo? Waya alileta yeye, zile seti za kwenye mfuko zina kila kitu, nyekundu, nyeusi na kifyuzi chake. Nawasilisha.

BabaKurwa

Weka kapasita mkuu, mi niliweka kwenye Raumu yangu taa zikaacha kufifia. Tatizo lako ni umeme mdogo.

Mzee_wa_Amp

Sema amplifaya ya wati 3000 kwenye IST 😂😂 hicho kigari na kenyewe kinahitaji umeme wa kujiwasha jamani

FundiMita

Mkuu usinunue kitu chochote kwanza. Nimefanya hizi kazi miaka mingi Arusha na nakwambia kesi kama yako kumi zikija kwangu, amplifaya mbovu labda moja. Zilizobaki umeme upo kwenye betri ila haufiki kule nyuma. Fundi wako amebadili betri bila kupima, sasa anataka uweke kapasita bila kupima, kesho atakwambia badili oltaneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka) bila kupima, we ndo unalipia majaribio yake.

Tafuta mita, hata ile ya njano ya bei rahisi inatosha kabisa. Iweke kwenye volti za DC, mstari wa 20. Gari limezimwa, limepumzika masaa kadhaa, pima betri kichwa kwa kichwa, ikiwa nzima na imejaa inasoma 12.6 hivi, ikisoma 12.2 hapo ni nusu. Washa gari, pima tena hapo hapo, lazima uone kuanzia 13.8 mpaka 14.4, ukiona inabaki kwenye 12 na kitu basi oltaneta haichaji na hapo maneno ya amplifaya tuyaache kwanza. Hiyo ni hatua ya kwanza na watu wengi wanaishia hapo wanasema umeme upo.

Sasa pale ndo kazi inaanza. Nenda nyuma kwenye amplifaya, pini nyekundu ya mita kwenye skrubu ya +12V na nyeusi kwenye skrubu ya GND (hasi), sio kwenye bodi ya gari, kwenye skrubu ya amplifaya yenyewe. Mwambie mtu akae mbele aongeze sauti mpaka pale inapoanza kwikwi, we angalia namba. Ukitumia nyimbo mita itakuwa inarukaruka husomi kitu, tafuta kwenye simu mlio wa besi mmoja usiobadilika, wa hezi 50, uucheze sekunde tano sita tu usiuache maana koili ya wufa itaungua. Andika namba. Afu haraka pima na betri kule mbele mlio ukiwa unapiga. Namba mbili hizo zikitofautiana zaidi ya nusu volti kuna mahali umeme unaliwa njiani.

Ukishajua unaliwa, unatafuta nani anaula. Chukua waya mrefu mwembamba wowote, hata wa spika, urefushe pini ya mita. Pini moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye skrubu ya +12V ya amplifaya, mlio ukipiga. Namba utakayoiona ndo volti zinazopotea kwenye waya mwekundu na fyuzi yake. Rudia upande wa hasi, kichwa hasi cha betri na skrubu ya GND. Huo upande wa pili ndo mafundi wengi hawaupimi kabisa, wanadhani bodi ya gari ni bati basi umeme unapita tu.

Leta namba hapa tuone. Na swali, ile fyuzi ya waya mwekundu imekaa wapi, mbele karibu na betri au kule nyuma?

BabaKurwa

@FundiMita sipingi mkuu lakini kwangu kapasita ilifanya kazi kweli, au unataka kusema nimeota?

Ohm_na_Nusu

Hujaota, ila tuhesabu. Kapasita ya faradi 1, faradi ndo kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi (tuseme kweli ni faradi 1, nyingi za dukani ukizipima sio), volti zikishuka kutoka 14 mpaka 12 inatoa juli 26 tu. Amplifaya inayovuta ampea 50 kwenye volti 13 inakula wati 650, kwaiyo juli 26 zinaisha ndani ya sekunde 0.04. Kishindo kimoja cha besi tu kinaweza kuchukua sekunde 0.1 au 0.2. Kwaiyo kwa mtu ambae taa zinafifia kidogo sana pale ngoma inapogonga, kapasita itaficha kidogo, na inawezekana kwako ndo ilikuwa hivyo, au fundi wakati anaifunga alikaza na vichwa vya betri vilivyolegea, hiyo nayo hutokea sana na sifa zote anachukua kapasita. Lakini kwa mtu ambae amplifaya inazima kabisa, huyo ana ndoo inayovuja na unamuuzia kikombe. Ikishajitoa kapasita nayo inataka kujazwa na umeme ule ule usiofika.

Kingine mwenye uzi, angalia fyuzi za ubavuni kwenye amplifaya yako ni za ngapi. Hayo maandishi ya wati 3000 yasahau, fyuzi ndo inasema ukweli.

SautiYaPwani

Habari ndugu zangu, niko Mombasa, samahani naingilia kidogo kwenye uzi wa kaka hapo maana naona kuna wajuzi. Mimi yangu haizimi, haiwaki kabisa. Nilikua na redio nzee, nikabadilisha nikatia ile kubwa ya skrini ya Android, tangu siku hio amplifaya taa hata haioneshi. Fyuzi nzima, nimezitoa nimezitizama. Fundi aniambia amplifaya imekufa, sasa yafa vipi na mimi nilibadilisha redio tu?

FundiMita

@SautiYaPwani haijafa hiyo kaka. Amplifaya ina skrubu tatu za umeme, +12V, GND na katikati kidogo REM. REM ndo kama swichi, redio ikiwaka inatuma volti 12 kwenye kawaya kembamba, amplifaya inaamka. Redio ikizima, inalala. Aliebadili redio huenda huo waya hajauunga au kaunga kwenye waya sio. Kwenye redio nyingi unaotakiwa ni wa bluu wenye mstari mweupe, ule wa bluu mtupu mara nyingi ni wa antena, redio nyingine antena inapata umeme ukiwa kwenye FM tu, kwaiyo amplifaya inawaka ukisikiliza redio ukihamia bluetooth inazima. Niliwahi kukesha na kesi hiyo!

Jaribu hivi, redio ikiwa imewaka pima REM na GND pale pale kwenye amplifaya. Ukikuta sifuri chukua kipande cha waya, gusisha kutoka +12V kwenda REM. Ikiwaka, amplifaya nzima, tatizo ni waya wa redio. Ila usiiache hivyo ukalala! Ikibaki imewaka usiku kucha hata bila mziki inaweza kuvuta ampea 1 au zaidi, masaa kumi na mbili hiyo ni ampea-saa 12, na betri ndogo ya NS40 ina 35 hivi tu, siku ya pili unasukuma gari na majirani.

SautiYaPwani

Nimefahamu, ahsante sana. Kesho asubuhi ntajaribu inshallah.

IST_Nyeusi

Wakuu nimerudi. Nimeazima mita kwa jirani anaetengeneza simu, mdogo wangu akakaa mbele kwenye redio. Majibu haya hapa, naomba mnisaidie kuyasoma.

Gari limezimwa asubuhi betri 12.6. Limewashwa bila mziki, betri 14.1 na kwenye amplifaya 14.0, nikasema mbona safi. Tumeweka ule mlio wa 50, betri ikasoma 13.2, kwenye amplifaya 10.4!! Sikuamini nikarudia mara tatu. Afu nikapima zile safari mbili, upande wa nyekundu inapotea 0.9, upande wa hasi inapotea 1.9. Fyuzi za ubavuni ziko mbili za 30. Ile fyuzi kubwa ya waya iko nyuma karibu na amplifaya, imefungwa na tepu.

Waya mweusi wa hasi nimeufuata, umeishia kwenye nati ya kiti cha nyuma. Kwa macho umekazwa vizuri tu.

FundiMita

Hapo sasa tunaongea! Mkuu umepima vizuri kuliko fundi wako. 0.9 na 1.9 ni 2.8, na 13.2 ukitoa 2.8 ni 10.4, hesabu imefunga, maana yake mita haikudanganyi na hakuna kingine kilichojificha. Amplifaya nyingi zikiona volti zimeteremka kwenye 10 hivi zinajizima zenyewe, zikizima mzigo unatoka, volti zinapanda, zinawaka tena, mzigo unarudi, zinazima. Kwikwi yako ndo hiyo. Na ndo maana bila mziki ulisoma 14.0, kwasababu hakuna mzigo hakuna kinachopotea, waya mbovu akiwa hana kazi anaonekana mzima.

Mwizi mkubwa ni hasi. Ile nati ya kiti imekaa juu ya rangi, rangi haipitishi umeme, kinachopitisha ni nyuzi chache za nati tu, na vile viti vingine bano lake limeungwa kwa doti chache za kuchomea. Toa hapo. Tafuta sehemu ya bodi yenyewe, bati nene, karibu na amplifaya usizidishe nusu mita, chungulia chini usije ukatoboa tenki la mafuta au bomba la breki, nakwambia kwa uzoefu kuna mtu alifanya. Kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae upana wa shilingi mia mbili, weka lagi (kile kichwa cha chuma cha waya chenye tundu) iliyobanwa vizuri, bolti na nati na washa ya meno, kaza, halafu juu yake ndo upake rangi au grisi isishike kutu. Usitumie bolti ya mkanda wa siti, hiyo imewekwa kulinda roho za watu.

Na mbele pia, ule waya mweusi unaotoka kichwa hasi cha betri kwenda kwenye bodi, ni mwembamba na una miaka karibu 20, ongeza wa pili mnene pembeni yake, na kutoka bodi kwenda injini pia kama unaweza.

Sasa la fyuzi. Hamisha LEO. Fyuzi ya kule nyuma hailindi kitu, inatakiwa iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Waya wako unapita kwenye tundu la bati kutoka kwenye injini, siku ukichunika ukagusa bodi kuna umeme wote wa betri na hakuna wa kuukata, gari linaungua umekaa ndani. Weka raba kwenye hilo tundu.

Ohm_na_Nusu

Nyongeza kwenye ile 0.9 ya upande mwekundu. Hizo seti za mfuko waya wake mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kata ncha, kwangua kwa wembe, ukiona weupe ndani umejua. Au choma uzi mmoja na kiberiti cha gesi, shaba inabaki nyekundu, alumini inalegea inakatika. Afu plastiki nene, nyuzi za ndani chache, kwa nje kinaonekana kidole gumba ukimenya unakuta penseli.

Kwa shaba halisi ya geji 8, kama milimita 8.4 za mraba, mita tano zinakula nusu volti ukivuta ampea 50. Geji 4 ambayo ni milimita 21 inakula 0.2. Alumini ya geji hiyo hiyo ongeza nusu yake tena juu. Kwaiyo 0.9 yako inasema una geji 8 ya alumini, hata sijaiona.

Na fyuzi 2 za 30 ni ampea 60, mara volti 13, mara asilimia 80 kwa amplifaya za klasi D, unapata wati 620 hivi. Hizo ndo wati zako 3000 😂 Lakini usisikitike, wati 600 za kweli kwenye IST zinatosha kukugombanisha na mtaa mzima.

Mzee_wa_Amp

Waya si anunue ule wa mashine ya kuchomelea? Mi ndo nimetumia, milimita 25, laini unakunja unavyotaka na bei ni robo ya hizo za maduka ya mziki.

FundiMita

Ni wazo zuri sana, mi mwenyewe ndo nafungia wateja. Ila siku hizi hata wa kuchomelea kuna wa alumini, nenda na wembe dukani, muuzaji akikataa usikwangue ncha we toka. Na ukipita kwenye injini uvalishe bomba, mpira wake haupendi mafuta na joto.

Kaka_Kibiriti

Jamani na mimi nina swali kabla uzi haujafungwa. Amplifaya yangu kila nikiweka fyuzi inakata papo hapo, hata redio sijawasha, hata REM nimeichomoa. Nikigusisha waya wa moto tu, paa, cheche. Nilihamisha kwenye gari lingine, inawezekana tuligeuza waya siku ile... ila tuligundua haraka.

FundiMita

"Haraka" kwa mosfeti (zile transista za ndani zinazokata umeme kama swichi) ni muda mrefu sana mkuu.

Chomoa kila kitu, amplifaya iwe mezani peke yake. Mita weka kwenye ohm, pima kati ya skrubu ya +12V na GND. Ikikaa karibu na sifuri kuna shoti ndani. Ukiomba Mungu sana itakuwa ile dayodi ya kulinda waya zikigeuzwa, amplifaya nyingine wanayo, iko pale pale zinapoingilia waya, yenyewe inajitoa mhanga. Kama sio hiyo ni mosfeti za upande wa umeme. Ukifungua utaona jeshi limejipanga limebanwa kwenye bodi ya alumini karibu na ile koili ya duara, mara nyingi zimeandikwa IRFZ44 au IRF3205. Kazi yao ni kuzikatakata hizo volti 12 maelfu ya mara kwa sekunde zipite kwenye transfoma zipande, zitoke 30 na kitu chanya na 30 na kitu hasi za kulisha upande wa spika. Anaewapigia ngoma ni aisii ndogo, mara nyingi TL494.

Pima kila moja mguu wa kati na wa kulia, zile zinazosoma sifuri zinaweza kuwa nyingi lakini aliekufa ni mmoja, sababu zimeungwa pamoja, ukimtoa aliekufa wengine wanarudi kusoma. Hata hivyo badilisha kundi lote, za namba moja na za mzigo mmoja, ukichanganya nzee na mpya zile mpya ndo zinabeba zinakufa tena. Na vile vipinzani vidogo kwenye mguu wa kushoto vipime, mosfeti ikifa huondoka navyo. Pima pia transista za kutolea spika upande wa pili, kama huko nako kuna shoti, mosfeti mpya hazitamaliza dakika.

Wakati wa kujaribu usiunge moja kwa moja kwenye betri. Pitisha waya wa moto kwenye balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55. Balbu ikiwaka kali na kubaki hivyo bado kuna shoti na hujaunguza kitu, ikiwaka kidogo ikafifia umepona. Na rudisha zile karatasi za mica na grisi nyeupe nyuma ya transista, watu wanazitupa wanadhani uchafu, halafu wanarudi kwangu.

Kaka_Kibiriti

Duh. Ngoja nimtafute mtu wa risasi na pampu ya kunyonyea maana mkono wangu unatetemeka 😅

IST_Nyeusi

Wakuu wakuu wakuu. Jumamosi nzima nilikuwa chini ya gari. Wembe nilienda nao dukani, la kwanza jamaa alinifukuza kabisa, la pili ndo nikapata shaba, nimechukua wa kuchomelea milimita 25 mita sita, na fyuzi ya 60 nimeiweka mbele kiganja kimoja kutoka betri. Hasi nimekwangua chini ya zulia la buti, bati mpaka linang'aa, na kule kwenye betri nimeongeza wa pili. Ule waya wa zamani nimeumenya, mweupeee, Ohm_na_Nusu we ni mganga.

Namba mpya, mlio ule ule, betri 13.4, amplifaya 12.9. Taa za dashibodi zimeacha kucheza kabisa. Mama yake mdogo wangu (ndo mama yangu huyo huyo) katoka ndani kusema madirisha yanatetemeka.

Ila kuna kitu kimebaki. Nikipiga kwa sauti kubwa kama dakika 20 inaingia PROTECT tena, safari hii haizimi na kurudi, inakaa nyekundu mpaka nizime redio nisubiri. Na amplifaya inakuwa ya moto, huwezi kuweka mkono. Volti nimepima pale pale ziko 12.8. Sasa hii tena ni nini?

Ohm_na_Nusu

Hiyo sio umeme, ni mzigo. Wufa zako zina koili moja au mbili? Chomoa waya za wufa kwenye amplifaya, weka mita kwenye ohm, pima hizo waya mbili zinazoenda kwenye boksi. Kwanza gusisha pini za mita zenyewe kwa zenyewe uone inasoma ngapi, hiyo utoe kwenye jibu. Na kwenye amplifaya, pembeni ya skrubu za spika, imeandikwa mwisho ohm ngapi?

IST_Nyeusi

Imesoma 0.9 baada ya kutoa. Kwenye amplifaya wameandika chini kabisa 2. Wufa kila moja ina skrubu nne, kwenye sumaku imeandikwa 4+4.

Ohm_na_Nusu

Ndo hivyo. Koili mbili za 4 kila wufa, fundi ameziunga zote nne sambamba, 4 gawanya kwa 4 ni 1, na mita ikipima koili inasoma chini kidogo ya iliyoandikwa, ndo 0.9 yako. Amplifaya inataka 2, umeipa 1. Inavuta umeme mara mbili ya ilivyotengenezewa, kwaiyo hata ile kiu ya mwanzo chanzo kimoja kilikuwa hapa. Waya mbovu ndo ulikuwa unaichelewesha kufa, ukiangalia vizuri, sasa umeipa umeme wa kutosha kujiunguza.

Kwa wufa mbili za 4+4 huwezi kupata 2, usihangaike, zinakuja 1, 4 au 16 basi. Ukitaka 2 tumia wufa moja koili zake sambamba. Ukitaka zote mbili, kila wufa koili zake zifuatane, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, inakuwa 8, afu wufa mbili sambamba inakuwa 4. Utapoteza sauti kidogo kwa karatasi, kwa masikio hutaona tofauti ya kulia, na amplifaya itapoa. Halafu geini (kile kitufe cha amplifaya cha kukuza mziki unaotoka redioni) ishushe, najua iko mwisho.

IST_Nyeusi

Iko mwisho mkuu 😂 fundi alisema ndo "volyumu ya nyuma".

FundiMita

Hahaha. Ishushe mpaka chini, redio panda robo tatu, afu ndo upandishe geini taratibu mpaka usikie besi inaanza kukwaruza, rudi nyuma kidogo, acha hapo usiiguse tena.

SautiYaPwani

Assalaam aleikum, nimerudi kwa uzi. REM ilikua sifuri, nimegusisha kama alivosema FundiMita ikawaka papo hapo. Kumbe alotia redio aliukata ule wa bluu na mstari mweupe akaupiga tepu nyuma ya dashibodi. Nimeuunga. Amplifaya "maiti" yapiga taarab hivi sasa niandikapo.

IST_Nyeusi

Hongera kaka! Na mimi nimeunga 4, leo saa nzima kwenye foleni ya Ubungo ngoma juu, mkono nimeweka kwenye amplifaya ni vuguvugu tu. Kitu kimoja nimeanza kukisikia kwasababu sasa kuna ukimya kati ya nyimbo, kuna kamluzi kwenye spika za mbele, nikikanyaga mafuta kanapanda, nikiachia kanashuka.

FundiMita

Waya za RCA (zile zinazoleta mziki kutoka redio kwenda amplifaya) zimepita upande gani wa gari? Kama zimelala pamoja na ule mnene wa umeme zihamishe upande wa pili, ndo uje tuendelee.